Chupa ya mwaka 1996: tuifungue saa ngapi?

SWALI: Mtaalamu, salaam. Shemeji yangu aliporudi kutoka Ufaransa alituletea chupa ya mvinyo mwekundu wa Bordeaux, wa mwaka 1996. Tumeilaza kabatini miaka minne hapa Jinja tukingoja ukoo ukutane. Krismasi hii tutakuwa watu 12. Nikiimulika naona kitu cheusi kimetuama ubavuni. Umeharibika? Na je, tuifungue asubuhi ili upate hewa?

JIBU: Dada yangu, hayo meusi ni mashapo. Rangi na tanini (ule ukakasi unaokausha mdomo) za zabibu huungana kadiri miaka inavyopita, zikawa nzito, zikazama. Hayadhuru, ila ni machungu mdomoni. Isimamishe chupa siku mbili kabla ya sherehe ili yashuke chini.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni joto. Mvinyo wa kuhifadhiwa hupenda nyuzi 12 hadi 14, na makabati yetu hayafiki huko. Tazama kimo cha mvinyo ndani ya chupa: ukiwa bado shingoni, una matumaini, ukiwa umeshuka hadi katikati ya mabega, hewa imeingia. Basi weka chupa nyingine ya akiba, mkikuta siki msikae mikono mitupu.

Kuhusu asubuhi, nakusihi usifanye hivyo. Mvinyo mchanga, mkali, hufaidika na hewa ya saa kadhaa. Huu una karibu miaka 30; harufu yake ni nyepesi, na huweza kutoweka kabla nyama haijaiva. Nimewahi kuhudumia meza ambapo chupa ya namna hii ilifunguliwa mapema, wageni wakachelewa, na tulipomimina hapakuwa na kitu. Kwa hiyo watu wakae kwanza, ndipo kizibo kitoke.

Kizibo cha umri huo hukatika. Kizibuo chenye meno mawili bapa, yanayopenya kati ya kizibo na kioo, ndicho bora. Kikimeguka, chuja kwa kitambaa chepesi cha pamba kisicho na harufu ya sabuni. Mimina polepole kwenye jagi la kioo, tochi ikiwa nyuma ya shingo. Ukiona wingu jeusi linakaribia, simama hapo hapo.

Ule ushauri wa kuunywa kwa joto la chumba ulitoka kwenye nyumba baridi za Ulaya. Jinja mchana, uweke kwenye friji nusu saa kwanza.

Chupa ni mililita 750, kwa hiyo kila mtu atapata kama 60. Zinatosha. Waambie wanuse kabla ya kunywa: uyoga, majani makavu, tumbaku, ngozi. Harufu ya maboksi yaliyolowa ni ya kizibo kibovu. Uandae na luwombo wa kuku (kuku aliyepikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba), usio na pilipili. Muchomo, yaani nyama choma, na moshi wake utaufunika. Na glasi ya kwanza mpe shemeji.