Kabla ya Kuhamishia Kazi za Ofisi Yako Winguni

Ofisi nyingi ndogo za Mombasa, kuanzia za mawakala wa forodha wa Barabara ya Nkrumah hadi za wauza vipuri wa Mwembe Tayari, zimekwisha kuingia katika huduma za wingu bila ya mtu kukaa chini na kuamua hivyo. Mhasibu akihifadhi hesabu za mwezi katika Google Drive, au karani akiandika ankara kwa programu inayofunguliwa kwenye tovuti, sehemu ya biashara imeshahama. Kazi yangu ni kuzisaidia ofisi za aina hiyo kupanga mitambo yao, na ushauri wangu kwa mwenye biashara ni kwamba ahamie, kwa kuwa manufaa yanazidi hasara, lakini asihamishe faili hata moja kabla hajajua akaunti ni ya nani na nakala ya pili itakaa wapi.

Kutumia wingu ni kutumia seva (kompyuta zinazozihudumia kompyuta nyingine), diski na programu za kampuni nyingine kupitia intaneti, na kulipia kiasi unachotumia, kama mtu anavyonunua umeme kwa tokeni badala ya kujinunulia jenereta. Biashara hii ilianza kuchukua sura yake ya leo mwaka 2006, Amazon ilipoanza kukodisha hifadhi ya data na baadaye mwaka huo huo nguvu za kompyuta. Google na Microsoft zikafuata. Mteja anaweza kukodi seva tupu na kuiendesha mwenyewe, anaweza kukodi jukwaa la kujengea programu zake, au anaweza kutumia programu iliyokwisha kutengenezwa, kama vile barua pepe na hesabu. Ofisi ya watu wanane haina haja ya kushughulika na zile njia mbili za mwanzo, na atakayekuja kuwauzia seva ya kukodi kwa ajili ya kuhifadhi barua na ankara aulizwe kwa makini sababu yake.

Katika mji wetu faida ya kwanza inatokana na hali ya hewa. Nimewahi kufungua kasha la seva iliyowekwa chini ya meza ya mapokezi, karibu na dirisha linalotazama bahari, nikakuta skrubu zimeshika kutu, feni imejaa vumbi lililogandamana kwa unyevu, na kando yake betri ya akiba inayolia kila umeme unapokatika. Ndani ya kasha lile mlikuwa na bili za shehena, matamko ya forodha na madeni ya wateja wote, na nakala pekee ya vitu hivyo ilikuwa kwenye flashi iliyowekwa katika mtoto wa meza ile ile. Moto mmoja mdogo au mwizi mmoja angechukua vyote kwa pamoja. Vituo vya data vya kampuni kubwa vina vipoza hewa, walinzi, jenereta na mafundi wa usiku na mchana, na hakuna ofisi ndogo inayoweza kujilipia ulinzi wa kiwango hicho. Zaidi ya hayo, karani aliyesimama kwenye lango la bandari ya Kilindini anaiona kwenye simu yake hati ile ile aliyoirekebisha mwenzake wa ofisini dakika moja iliyopita.

Yote hayo yanategemea intaneti, na hapo Mombasa ina bahati yake. Nyaya za chini ya bahari zinatia nanga hapa kwetu: SEACOM na TEAMS zilianza kazi mwaka 2009, EASSy ikaja mwaka 2010, na kabla ya hapo nchi ilitegemea setilaiti, kwa kasi ndogo na gharama kubwa. Vituo vya data navyo vimesogea, maana Microsoft ilifungua vyake Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020 na Google Johannesburg mwaka 2024. Hata hivyo, tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM ziliharibika kwa pamoja katika bahari ya kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Afrika Mashariki yote. Kwa hiyo faili zinazohitajika kila siku ziwekwe pia kwenye kompyuta za ofisini kwa namna ambayo zitafunguka mtandao ukikatika, na ofisi iwe na laini ya pili ya intaneti kutoka kampuni tofauti.

Hatari ninayoikuta mara nyingi zaidi, na ambayo wenye biashara huizingatia kwa uchache, ni ya umiliki wa akaunti. Ofisi moja niliyoitwa kuisaidia ilikuwa imefunguliwa akaunti na mhasibu wake kwa barua pepe yake binafsi na namba yake ya simu. Kijana yule alipopata kazi Ughaibuni, huduma ikadai uthibitisho, na kila msimbo uliotumwa ulikwenda kwenye laini iliyokuwa imezimwa. Mwenye ofisi, mzee aliyeijenga biashara ile tangu enzi za taipureta, aliniuliza, “Mwanangu, mali ni yangu na ada nalipa mimi, vipi nizuiwe mlangoni?” Nilimjibu, “Mzee, kwa kumbukumbu za kampuni ile, mwenye mali ni aliyejiandikisha.” Kijana alipatikana kupitia jamaa zake na mambo yakatengenea, lakini kazi ilikuwa imesimama na wateja walikuwa wameanza kulalamika.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba akaunti ifunguliwe kwa anwani ya barua pepe ya kampuni yenyewe, na jina la mtandaoni la .co.ke linalobeba anwani hiyo lisajiliwe kwa jina la kampuni wala si la fundi aliyetengeneza tovuti. Wasimamizi wawe wawili. Uthibitisho wa hatua mbili, yaani msimbo unaodaiwa baada ya nywila, uwashwe, na ikiwezekana utumie programu maalumu badala ya ujumbe mfupi, kwa kuwa laini ya simu inaweza kuhamishwa na matapeli. Misimbo ya dharura ichapishwe na kuwekwa kwenye sefu, na mfanyakazi anayeacha kazi afungiwe akaunti yake siku ile ile anayokabidhi funguo za ofisi.

Kampuni za wingu nazo hupatwa na misiba. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza kituo cha data cha OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja walipoteza data moja kwa moja kwa kuwa hata nakala zao za akiba zilikuwa pale pale. Mwezi Mei 2024 hitilafu katika mipangilio ya Google Cloud ilifuta akaunti ya UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya 600,000, na kilichosaidia kuiokoa ni nakala uliyokuwa umeiweka kwa kampuni nyingine. Mtu asidanganywe na folda inayojilinganisha yenyewe kati ya kompyuta na wingu: ukifuta faili upande mmoja, inafutika na upande wa pili, na virusi vinavyofunga faili na kudai malipo vikiifunga hapa, inafungwa na kule. Nakala ya akiba ni ile isiyoguswa na kosa la leo, kwa mfano diski ya nje inayochomolewa baada ya kunakiliwa kila Ijumaa na kuwekwa nyumbani kwa mwenye biashara.

Juu ya gharama nitasema kwa ufupi kwamba huduma nyingi hutozwa kwa dola. Mwanzoni mwa mwaka 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160, na baada ya miezi michache ikarudi karibu na 130, kwa hiyo bajeti iachiwe nafasi, na watumiaji walioondoka waondolewe kwenye malipo.

Ofisi inayoweka nakala za vitambulisho au pasipoti za wateja inabanwa pia na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo inaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi na kutaka uvujaji unaoweza kuwadhuru wenye taarifa uripotiwe kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu kugundulika. Kampuni ya wingu inalinda majengo na mitambo yake. Nani amepewa ruhusa ya kufungua folda ya pasipoti ni jukumu la ofisi.

Kabla ya kuzima seva ya zamani, chagua faili chache za kila idara, zirejeshe kutoka kwenye nakala ya akiba hadi kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuzihifadhi, na mwite karani anayezitumia azifungue na kuzilinganisha na karatasi. Jaribio hilo lirudiwe kila robo ya mwaka, na tarehe yake iandikwe katika daftari la ofisi.