PSA imepanda baada ya baiskeli: rudia kipimo kwanza

Mzee wetu, umesema una miaka 56, PSA (kipimo cha damu cha kuchunguza saratani ya tezi dume) imetoka 5.2, na damu ilitolewa Jumatatu asubuhi baada ya kuzunguka msitu wa Karura kwa baiskeli Jumapili mchana kutwa. Sasa unauliza kama ukubali biopsi, yaani kutolewa vipande vidogo vya tezi dume vikapimwe. Rudia kipimo kwanza. PSA ni protini inayotoka kwenye tezi dume, na kiti cha baiskeli huibana tezi hiyo, hivyo kiwango huweza kupanda. Kumwaga manii nako hukipandisha. Kabla ya kupima tena, kaa saa 48 bila hayo wala mazoezi makali. Kutembea hakuna shida.

Kinachopotosha zaidi ni maambukizi ya njia ya mkojo. Ukisikia maumivu ukikojoa, pima mkojo, tibiwa, kisha ungoje wiki 6. Na kama unameza finasteraidi, dawa ya tezi dume iliyokua, tafadhali usimfiche daktari: ikitumika miezi 6 au zaidi hushusha PSA karibu nusu, kwa hiyo 5.2 yako ingekuwa kama 10.

Rudi maabara ileile, kwani mashine hutofautiana. Ikibaki juu ya 4, muone daktari bingwa wa mfumo wa mkojo, umuulize kuhusu MRI (picha ya ndani ya mwili) kabla ya biopsi. Mwambie pia kama baba au kaka aliwahi kuugua saratani ya tezi dume.