Muulize Shangazi: Begi liko chini ya kitanda

SWALI: Shikamoo shangazi. Niko Arua, miaka 19, wazazi walishafariki nikalelewa na bibi, naye katutoka mwaka jana. Sasa kuna kijana wa boda Kampala tunaongeaga kila usiku kwa simu ananiambia njoo tu ntakupokea, begi nshafunga liko chini ya kitanda, baba mdogo hajui. Niende?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana kwa bibi. Miaka 19 we ni mtu mzima sikukatazi, ila huyo kijana ushamuona uso kwa uso? Nimesoma barua mara mbili sijaona popote. Hapo hadi Kampala ni kama kilomita 500, ukishavuka Nile pale Karuma hurudi kwa miguu, kwa hiyo nauli ya kurudi ishonee kwenye pindo la kitenge na yeye asijue. Beba kitambulisho cha taifa na barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), vitakusaidia ukitafuta chumba au kazi. Fikia kwa ndugu au rafiki wa kike, huyo wa boda aje akusalimie hapo. Na baba mdogo mwage, tena mbele ya wazee, maana kwenye shamba la marehemu baba yako una haki, ukitoroka usiku unaweza kukuta lishauzwa.