Handbreki inaganda kila gari likikaa

SWALI: Nina Toyota ndogo ya otomatiki, breki za nyuma ni za dramu, na naliegesha karibu na bahari. Likikaa siku nne tano, gurudumu la nyuma kushoto linagoma kugeuka; nikilazimisha linaachia kwa mlio wa "paa". Fundi mmoja anasema nisivute kabisa handbreki, mwingine anataka kuipaka grisi. Nimsikilize yupi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Wa kwanza mwache. Handbreki isiyovutwa ndiyo inayokufa mapema: kebo inakaa palepale ndani ya ala yake, unyevu wa chumvi unapenya kwenye mpira uliopasuka, nyuzi za chuma zinashikana. Wenye otomatiki ndio wanaoumia zaidi, maana wanategemea P tu. Ivute kila siku, isipokuwa gari limetoka kuoshwa au litalala siku kadhaa. Hapo weka P, tia magogo mbele na nyuma ya tairi, handbreki iachie.

Hiyo "paa" ni kutu iliyogandisha shuu, yaani kipande kinachokandamiza dramu kutoka ndani, kwenye dramu. Ukizoea kuilazimisha kwa injini, iko siku sehemu inayosugua itabanduka kwenye chuma chake.

Fundi wa grisi ana hoja, ila muulize grisi gani na wapi. Zuia tairi za mbele, inua gari, liweke kwenye stendi, achia handbreki. Dramu ikigoma kutoka usiitwange nyundo ukingoni, inamegeka. Dramu nyingi za Toyota zina matundu mawili yenye nyuzi: kaza humo bolti mbili za M8 kwa zamu, nusu mzunguko kila moja, itajisukuma nje. Vumbi usilipulize, shuu za zamani zilikuwa na asbesto. Lilowanishe kwa maji ya sabuni, futa.

Kwenye bamba la nyuma utaona vinundu vinavyong'aa, kwa kawaida sita, ambako shuu huegemea. Visugue kwa brashi ya waya, kisha kila kimoja kipate grisi maalumu ya breki, inayostahimili joto, kiasi cha punje ya mchele. Nyuzi za ajasta (skrubu inayosogeza shuu karibu na dramu) nazo zipate kidogo. Grisi ya chasisi ikipata moto hutiririka hadi kwenye shuu, na shuu iliyolowa grisi haisafishiki: unanunua seti, kushoto na kulia.

Kebo ichomoe, ivute kwa mkono. Ikirudi kwa kusuasua, au ala imechubuka, nunua mpya. Kumwagia mafuta kunakupa wiki chache tu.

Wakati wa kufunga, rekebisha ajasta kwanza, kebo baadaye. Mafundi wengi hukaza kebo tu, shuu zinabaki zimegusa dramu. Kisha endesha kilomita 10 na usogeze kiganja karibu na rimu zote mbili za nyuma, bila kugusa. Ya kushoto ikiwa na moto kuliko ya kulia, bado inakamata.