Volteji ya Hall: shaba inanyamaza, vitu vya topolojia je?

SWALI: Wataalamu, habari za kazi. Nafundisha Fizikia kidato cha sita hapa Kigoma. Nilibandika ukanda wa shaba kwenye ubao, nikapitisha ampia moja na kuweka sumaku kali juu yake. Multimita ilibaki kwenye sifuri. Wanafunzi nao wamesoma kwamba kuna vitu vya topolojia ambavyo jibu lake hutoka kwa namba kamili, tena bila sumaku. Vinaitikiaje uga wa umeme na uga wa sumaku? Na sisi shuleni tunaweza kupima nini?

JIBU: Nzuri, Mwalimu. Multimita yako haina kosa. Volteji ya Hall, ile inayotokea upande kwa upande wa ukanda sumaku inaposukuma elektroni pembeni, ni IB/(nqt): I ni mkondo, B uga wa sumaku, n wingi wa elektroni huru, q chaji ya kila moja, t unene. Kinachokuangusha ni n: shaba ina elektroni huru takriban 8.5 × 10²⁸ kwa mita ya ujazo. Kwa ampia 1, tesla 0.3 na shaba ya unene wa mikromita 35, kama ile ya bodi za saketi, unapata mikrovolti 0.6 tu. Multimita za kawaida nyingi hazioni kitu chini ya milivolti 0.1.

Sasa itazame hiyo t. Ukibadili unene wa shaba, jibu linabadilika. Katika hali ya topolojia, yaani ile ambayo sifa zake hutokana na umbo la jumla la mawimbi ya elektroni, ukinzani wa Hall (volteji ya Hall kugawanya kwa mkondo) haujali unene, upana wala uchafu mdogo: ni h/e² (h ni namba ya Planck, e ni chaji ya elektroni), yaani omu 25,812.8, au kiasi hicho kikigawanywa kwa namba nzima. Mwanafizikia Klaus von Klitzing aliupata mwaka 1980 kwenye transista ya silikoni, kwa baridi kali na uga wa tesla 18. Mwaka 1982 Thouless na wenzake wakaeleza sababu: namba hiyo huhesabu jinsi mawimbi ya elektroni yanavyojisokota katika bendi nzima, yaani kundi la viwango vya nishati vya elektroni. Msokoto ni mmoja au miwili. Hakuna mmoja na robo.

Vihami vya topolojia ni jamaa wa karibu. Chukua Bi₂Se₃, kiwanja cha bismuti na seleniamu: ndani kuna pengo la nishati la eV 0.3 hivi, linalozuia umeme kupita, lakini usoni umeme unapita. Spini (usumaku mdogo wa asili) ya kila elektroni ya usoni imefungwa kwenye mwelekeo wa mwendo wake. Ili irudi nyuma moja kwa moja ni lazima spini nayo ipinduke, na uchafu usio wa sumaku hauwezi kuipindua. Hiyo ndiyo kinga yake.

Uga wa umeme hauvunji kinga hiyo. Kazi yake ni kuongeza au kupunguza elektroni. Fuwele nyembamba hulazwa juu ya silikoni yenye oksidi ya nanomita 300, na kila volti ya geti, yaani volteji inayowekwa kwenye silikoni hiyo, hubadili elektroni takriban 7 × 10¹⁰ kwa sentimita ya mraba. Geti ikishushwa taratibu, ukinzani hupanda hadi kilele, kisha hushuka, na volteji ya Hall hugeuza alama kwa kuwa wabebaji wa mkondo sasa ni matundu, yaani nafasi za elektroni zilizokosekana, zenye chaji chanya. Kilele kisipotokea, mshukiwa wa kwanza ni fuwele yenyewe. Atomi za seleniamu hupungua wakati wa kuikuza, na kila nafasi tupu humwaga elektroni ndani. Zikifika 10¹⁹ kwa sentimita ya ujazo, kipande cha nanomita 100 kina 10¹⁴ kwa sentimita ya mraba, na volti 100 za geti hazigusi hata sehemu ya kumi ya hizo. Dawa ni kuchanganya antimoni, kutumia Bi₂Te₂Se (ambamo teluriamu imechukua nafasi ya sehemu ya seleniamu), au kukuza tabaka jembamba zaidi.

Uga wa sumaku ndio unaogusa kinga yenyewe. Kwenye kelvini chache, sehemu ndogo tu ya tesla inatosha kufanya ukinzani upande kwa ncha kali pale uga unapoanzia sifuri. Uso ukiwa na usumaku wake wa kudumu, hufunguka pengo la nishati usoni na kila uso huchangia nusu ya e²/h kwenye upitishaji wa Hall, ambao ni kinyume cha ukinzani. Tabaka lina uso wa juu na wa chini, hivyo jumla ni e²/h moja kamili. Ndicho kilichopimwa Chuo Kikuu cha Tsinghua, China, mwaka 2013, kwenye (Bi,Sb)₂Te₃ (bismuti, antimoni na teluriamu) iliyotiwa kromiamu ili iwe na usumaku, kwa milikelvini 30. Kwa hiyo "bila sumaku" ni usemi wa kupotosha kidogo: sumaku ipo, ila imo ndani ya kitu chenyewe.

Nusumetali za Weyl, mfano TaAs (tantalamu na aseniki), ni vitu vya topolojia vinavyopitisha umeme hata ndani, na vina kituko kingine: uga wa umeme na wa sumaku zikiwa sambamba, ukinzani hushuka. Usiliamini jibu hilo upesi, maana waya wa mkondo ukigusa nukta moja tu, mkondo hukusanyika katikati na kutoa mshuko wa uongo.

Kwa darasa lako, tafuta kihisi cha Hall aina ya 49E, kijisehemu cha miguu mitatu ambacho volteji yake hufuata uga wa sumaku. Ukitazama uso wenye maandishi, mguu wa kushoto ni chanya, wa kati ni hasi, wa kulia ni pato. Ukigeuza betri utakiunguza. Betri tatu za volti 1.5 zinatosha. Bila sumaku pato ni nusu ya volteji ya betri. Sumaku kali ya harddiski iliyokufa ianzie mbali, sentimita kadhaa, kwani ikikaribia mno pato hugota na halisogei tena.

Kama maabara ina kipande cha germaniamu, kipitishi-nusu chenye wabebaji wachache kuliko shaba, ni bora zaidi: kwa n ya 10²¹ kwa mita ya ujazo, unene wa milimita 1, miliampia 30 na tesla 0.3, unapata milivolti 56. Tatizo la kawaida ni waya mbili za kupimia kutokabiliana sawasawa, hivyo volteji inatokea hata bila sumaku. Pima, geuza sumaku, pima tena, toa jibu la pili kwenye la kwanza, gawanya kwa mbili. Maabara za Bi₂Se₃ hufanya vivyo hivyo. Mkondo usiuache muda mrefu: germaniamu ikipata joto wabebaji huongezeka, na volteji hushuka mbele ya macho ya wanafunzi.