Usimfanye Mume Kuwa Mbaya: Kuandika Mapenzi Yanayoshindwa na Wajibu

Skripti nyingi zinazomhusu mwanamke aliyeolewa kisha akampenda mwanamume mwingine huharibika ukurasa wa pili. Mume anaingia amelewa, anapiga teke meza ya chakula, anamtukana mama mkwe, na tangu hapo mtazamaji ameshakata shauri: dada, ondoka. Kinachobaki ni kungoja ataondoka lini. Mwandishi alitaka hadithi ya mtu anayechagua kati ya wajibu na maisha mengine, akaishia na hadithi ya mtu anayekimbia nyumba inayoungua. Anayekimbia moto hachagui kitu.

Filamu ya kujifunzia kazi hii ni Brief Encounter ya mwaka 1945, iliyoongozwa na David Lean kutokana na tamthilia fupi ya Noël Coward ya mwaka 1936. Ni ya Kiingereza, nyeusi na nyeupe, ina dakika 86, na sehemu kubwa ya muda huo watu wanakunywa chai. Itazame mara tatu. Mara ya kwanza kama mtazamaji tu. Mara ya pili ukiwa na kalamu, uandike kila kitu kinachosemwa na mtu asiye mmoja wa wapenzi wawili. Mara ya tatu zima sauti.

Kisa chenyewe ni chepesi. Laura Jesson ni mama wa nyumbani mwenye watoto wawili. Kila Alhamisi hupanda treni kwenda mji wa Milford kununua vitu, kubadilisha kitabu cha kuazima na kuangalia sinema. Jioni moja stesheni chembe ya mkaa wa treni inamwingia jichoni. Daktari Alec Harvey, ambaye naye ana mke na watoto, anaitoa kwa leso. Alhamisi chache zinatosha wapendane. Chache nyingine, wanaachana: Alec amekubali kazi Johannesburg na anaondoka na familia yake. Hakuna aliyewafumania, wala hakuna mzee aliyewaita kikao. (Afrika hapo ni mahali pa kumpeleka mtu ili asirudi tena kwenye hadithi. Waandishi wa Ulaya wa zama zile walilitumia bara zima kama chumba cha stoo.)

Sasa mwangalie Fred, mume wa Laura. Ni mwanamume mpole anayekaa kando ya moto akijaza chemshabongo ya gazeti. Watoto wanagombana, mmoja anataka sarakasi, mwingine mchezo wa jukwaani, na baba yao anaona rahisi tu waende kote kuwili. Anamwuliza mkewe neno la herufi saba linalokosekana katika mstari wa mshairi Keats. Laura anamjibu kuwa ni "romance", yaani mahaba. Fred anaridhika kwa sababu linaoana na maneno mengine kwenye miraba. Hapo ndipo ndoa yote ilipo: wema mwingi, moto kidogo, na mtu asiyejua kuwa ameliandika jina la kitu anachokikosa mkewe.

Fred hajengwi kwa hotuba. Anajengwa kwa vitu vitatu, na mume wako wa kwenye karatasi anavihitaji vyote. Cha kwanza ni tendo moja la wema linaloonekana, lisilosimuliwa na mtu. Cha pili ni upungufu usiomuumiza yeyote: hasikilizi vizuri, anakoroma, anarudia utani uleule. Laura anamwambia waziwazi kwamba amekula chakula cha mchana na daktari asiyemfahamu kisha wakaenda sinema, naye Fred hanyanyui hata kichwa vizuri. Hana wivu kwa sababu anamwamini, na kuaminiwa huko kunamchoma mke kuliko kofi. Cha tatu ni dakika moja, mwishoni, ya kuonyesha kuwa mume si kipofu kama tulivyodhani. Hiyo ifiche mpaka mwisho. Ukiitoa katikati, unapata hadithi ya upelelezi.

Kipimo chake ni hiki: mtoe mpenzi kwenye hadithi kabisa. Je, mtazamaji angekubali mwaliko wa chakula cha usiku katika nyumba ile? Kama jibu ni hapana, rudi ukurasa wa kwanza.

Kuna wanaosema wajibu mkubwa una nguvu zaidi, kama vita au taifa. Wanataja Casablanca ya mwaka 1942, ambamo Rick anamwacha Ilsa, mwanamke anayempenda, apande ndege na mumewe. Lakini hata pale mume, Victor Laszlo, ni shujaa ambaye hakuna anayeweza kumchukia, yaani kanuni ni ileile. Tofauti ni kwamba vita vinamsaidia mwandishi. Kila mtu anaelewa mtu akijitoa kwa ajili ya vita. Kujitoa kwa ajili ya chai ya jioni na mtoto mwenye kikohozi ni kugumu zaidi kukuandika, na kwa maoni yetu ndiko kunakobaki na mtazamaji akifika kwake.

Jambo la pili la kuiba kutoka filamu hii ni ratiba. Treni ya Alec inaondoka saa 11:40 jioni, ya Laura saa 11:43, kila moja upande wake. Dakika tatu! Kila wanapokaa mezani mtazamaji anaisikia saa, bila yeyote kulalamika kuwa muda hautoshi. Mwenye kuondoka kwanza kwa kawaida ni mwanamume, kwa hiyo mwanamke ndiye anayebaki na kikombe, na kamera inabaki naye. Ukimwondoa mwanamke kwanza, hadithi inakuwa ya mwanamume.

Kwetu huhitaji stesheni ya Kiingereza. Boti ya Dar es Salaam na Unguja ina saa zake, treni ya SGR ina saa zake, basi la mkoa linapiga honi mara mbili na konda hana huruma na mapenzi ya mtu. Kivuko cha Likoni, Mombasa, ni kigumu kidogo, kwa kuwa ukikosa kimoja kinakuja kingine, na subira ya namna hiyo inaua hadithi. Chagua chombo ambacho ukikikosa umelala nje. Kisha chagua siku moja ya wiki yenye sababu halali ya kutoka nyumbani: kliniki, mnada, darasa la jioni, kikoba. Sababu iwe ya kweli, na mhusika aendelee kuifanya. Laura ananunua vitu vyake kila Alhamisi. Siku mhusika wako akianza kurudi na kikapu kitupu, tutajua bila kuambiwa.

Simu ya mkononi ndiyo inayowashinda waandishi wengi wa leo. Mwaka 1945 mtu asipotokea, hujui kama ni mgonjwa, amekufa au amebadili mawazo. Kuna Alhamisi moja ambapo Alec hafiki, amekwama hospitali, anatokea mbio dakika ya mwisho, na dakika hizo za kungoja ndizo zinazomfunulia Laura kuwa ameshapenda. Leo angetuma ujumbe, na hadithi ingekufa. Usiwape simu iliyoisha chaji. Kila mtu ameshachoka na betri. Wafanye wakubaliane wasipeane namba, na uamuzi huo wenyewe uwe onyesho: wawili wanaoshika simu zao, wanaangaliana, kisha wanazirudisha mfukoni. Hapo umepata kungoja kwako, na umeonyesha kwamba wote wawili wanajua walipofika.

Mikutano ihesabu. Sita hadi nane inatosha kwa filamu ya saa moja na nusu, na kila mmoja ubadilishe kitu kimoja tu. Msaada mdogo. Salamu barabarani. Meza moja kwa kuwa mgahawa umejaa. Sinema. Kukosana. Kukiri. Uongo. Kuagana. Kosa la kawaida ni kuweka kukiri kwenye mkutano wa pili. Baada ya hapo wahusika hawana la kufanya zaidi ya kurudia kukiri kwa sauti kubwa zaidi.

Uongo nao una ngazi, na ngazi ya chini ndiyo inayotisha. Mwanzoni Laura hajafanya chochote, ila amemnunulia Fred zawadi ya bei kubwa kuliko kawaida: saa ya safarini yenye baromita. Akirudi nyumbani anakuta mwanawe amegongwa na gari, na papo hapo anaona kama ni adhabu. Angalia kipimo kilichotumika: mtoto ameumia kichwa kidogo tu, anapona. Angekufa, mwandishi angekuwa amejipa kazi ya Mungu na sisi tungemkasirikia. Baadaye Laura anampigia simu rafiki yake Mary Norton amsaidie kuficha alikokuwa. Uongo wa kwanza unasemwa kwa sauti ya uchangamfu, ndiyo maana unauma. Mwigizaji wako akiusema huku anatetemeka, umeshaharibika.

Halafu kuna chumba. Katika kila hadithi ya namna hii pana chumba, na waandishi wetu wakifika hapo hukusanya majirani, mjumbe wa nyumba kumi na mtu mwenye kamera. Hapa Alec ameazimwa makazi na rafiki yake Stephen Lynn. Laura anakuja, amelowa mvua. Hawajafika popote, mwenyewe anarudi mapema. Laura anatoka kwa ngazi za nyuma. Stephen hapigi kelele. Anaongea kwa adabu baridi, kama mtu aliyekuta glasi chafu mezani kwake, na adabu hiyo inayageuza mapenzi yao kuwa kitu cha kuaibisha. Fumanizi lingempa Laura nafasi ya kujitetea. Adabu haimpi.

Mbele ya wapenzi hawa weka jozi nyingine. Katika mgahawa wa stesheni yupo Myrtle nyuma ya kaunta na Albert, mfanyakazi wa reli, wanaotaniana mchana kweupe juu ya keki na chai. Wao wako huru, hawana cha kuficha. Usiwape zaidi ya maonyesho manne au matano mafupi, na wasijue kabisa kinachoendelea pale kwenye meza ya pembeni. Wakijua wanageuka kuwa washauri, na washauri ni sumu.

Kuagana kunastahili kazi kuliko sehemu nyingine yoyote, na hapa Lean alifanya jambo ambalo bado halijazeeka. Filamu inaanza na kuagana kwenyewe. Tunawaona wawili wamekaa kimya, hatuwajui. Anaingia mwanamke mpiga soga, Dolly Messiter, anajiketisha mezani kwao na kuanza kumwaga maneno. Mwanamume anasimama, anagusa bega la mwanamke, anatoka. Hatuoni lolote la ajabu. Zaidi ya saa moja baadaye onyesho lile linarudi, na sasa tunajua kwamba hizo zilikuwa dakika zao za mwisho duniani, na Dolly amezila zote. Mkono begani ndiyo kwaheri yote waliyoipata.

Ukitaka kulijaribu hili, andika onyesho la kuagana mara moja tu, neno kwa neno, kisha litumie mara mbili bila kubadili mstari hata mmoja wa mazungumzo. Badilisha anayeangaliwa. Mara ya kwanza kamera iwe na wahudumu wa mgahawa. Mara ya pili iwe usoni mwa anayebaki. Kama onyesho haliwezi kusimama mara mbili, kuna mtu ndani yake anaeleza hisia zake. Mtafute, umnyamazishe. Naye mkatizaji asiwe mtu mbaya. Awe jirani mwema mwenye habari za harusi.

Baada ya hapo treni ya kasi inapita, Laura anakimbilia ukingoni mwa jukwaa, picha nzima inainama upande, taa za madirisha zinampiga usoni moja baada ya nyingine, kisha picha inanyooka. Stesheni iliyotumika ni Carnforth, kaskazini mwa Uingereza. Walipiga picha usiku mwezi Februari 1945, vita vikiendelea, mahali palipo mbali kiasi kwamba taa zingeweza kuzimwa kwa wakati kama ndege za adui zingekuja.

Kuhusu muziki, neno moja. Konseto ya pili ya piano ya mtunzi Rachmaninoff, inayosikika katika filamu hii, haidondoki kutoka mbinguni; Laura ameiwasha redio, na kumbukumbu zinapanda nayo, akimsimulia Fred kimoyomoyo yote asiyoweza kumwambia. Katikati Fred anaomba sauti ipunguzwe. Muziki wako uwe na mahali unakotoka, na mtu wa kuulalamikia. Msimulizi wako awe na mtu mmoja anayeongea naye, na mtu huyo asisikie.

Na usiandike "miaka kumi baadaye". Fred anaacha chemshabongo yake, anasogea, anamwambia mkewe kwamba alikuwa amekwenda mbali sana, na anamshukuru kwa kurudi. Laura analia mikononi mwake, na picha inazimika.