Mbona dude la umeme wa upepo linazunguka taratibu na umeme unatoka?

Mkuu umeuliza lile dude la kuzalisha umeme kwa upepo (turbini) linazunguka kivivu vile linatoaje umeme wa maana. Kwanza usilifananishe na pangaboi la sebuleni, pangaboi linakula umeme linatoa upepo, hili ni kinyume, linakula upepo. Halafu macho yanakudanganya bana, chukua yale ya Loiyangalani kule Marsabit, Kenya, yanazunguka kama mara 26 hivi kwa dakika lakini panga lina mita 25 kwahiyo ncha yake inapita zaidi ya kilomita 200 kwa saa, hiyo taratibu iko wapi? Panga limechongwa kama bawa la ndege, upepo ukipita unalivuta lizunguke, ekseli inaingia kwenye giaboksi inapandisha mizunguko hadi elfu na zaidi, ndo inazungusha jenereta, mle ndani sumaku inazunguka karibu na koili za shaba umeme unatoka. Transfoma inapandisha volti, safari ya kwenda kituo cha umeme cha Suswa inaanza.

Siri kubwa ni spidi ya upepo. Ukiongezeka mara mbili nguvu inapanda mara 8, si mara mbili! Ndo maana waliojenga wakaenda kule mbali ambako upepo unabanwa katikati ya Mlima Kulal na Nyiro. Moja linatoa hadi kilowati 850 tu, ila yako 365, piga hesabu inakuja megawati 310. Na upepo ukizidi sana yanajizima yenyewe yasivunjike, kwahiyo ukiyaona yamesimama siku ya dhoruba usidhani yameharibika.